Kueleza, kujadili, kufanya au kupanga kwa viwango: ulinganisho wa njia nne za kufundisha katika madarasa ya Mwanza

Katika miaka ya 1990, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika wilaya za Busia na Teso nchini Kenya, watafiti akiwamo mchumi Michael Kremer walifuatilia shule za msingi zilizopewa vitabu vya kiada baada ya kukaa muda mrefu na uhaba, wakazilinganisha na shule nyingine za huko ambazo zilikuwa hazijapewa. Wengi walitarajia kwamba alama zingepanda. Wastani haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi ambao tangu mwanzo walikuwa mbele ya wenzao, kwa sababu vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na viliandikwa kana kwamba kila mtoto aliyeketi darasani ameshika vema yote aliyofundishwa miaka iliyotangulia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, na miaka kumi baadaye Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kazi za aina hiyo.

Sisi tunaofundisha upande huu wa ziwa tuna kila sababu ya kuitafakari habari hiyo, kwa maana inaonyesha kwamba kati ya kitabu na akili ya mtoto kuna kazi isiyofanywa na kitu kingine chochote ila ufundishaji. Vyumba vya madarasa, madawati, maktaba na vishikwambi ni vitu vya lazima na tuendelee kuvidai, lakini mtoto ambaye hakufundishwa atavizunguka vyote hivyo na kutoka mikono mitupu. Linalobaki ni kuchagua namna ya kufundisha, na hapo ndipo walimu wengi wapya wanapokwama. Mtu anatoka Chuo cha Ualimu Butimba au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe akiwa amejazwa imani ya mbinu shirikishi, anapangiwa shule yenye watoto 90 katika chumba kimoja, na wiki ya kwanza mwalimu mkongwe anamwambia kwa upole kwamba mambo ya chuoni ayaache chuoni. Tangu elimu msingi ilipotolewa bila ada mwaka 2016, madarasa yamefurika, na ni haki watoto hao kuwamo. Lakini mtaala, ambao kwa sekondari ulianza kuzingatia umahiri mwaka 2005 na ambao maboresho yake mapya yalianza kutumika Januari 2024, unamtaka mwalimu huyo huyo amfanye kila mwanafunzi atende na kufikiri. Matokeo yake si ajabu kukuta andalio la somo limeandikwa "majadiliano ya vikundi" na ubaoni yanateremka maelezo ya kunakili.

Niuweke msimamo wangu wazi mapema, ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Naamini njia ya kufundisha ichaguliwe kwa kutazama kile ambacho wanafunzi wanakijua tayari kuhusu jambo linalofundishwa siku hiyo. Mapenzi ya mwalimu, mwelekeo wa wakaguzi na sifa za shule vije baadaye. Jambo likiwa geni kabisa kwao, waelezwe na waulizwe. Wakishakuwa na msingi, wajadili na watende. Wakiwa wamepishana sana, wapangwe upya kwa viwango kabla ya lolote lingine.

Nne nitakazolinganisha ni hizi tunazozitumia kila siku. Kueleza ni pale mwalimu anapofafanua jambo hatua kwa hatua huku akiuliza maswali na kuonyesha mifano. Kujadili kunajumuisha vikundi, jozi, bungua bongo na changanya kete, yaani vikundi vinavyobadilishana wajumbe. Kufanya ni kazi mradi, majaribio, ziara na igizo dhima. Kupanga kwa viwango ni kuwaweka watoto pamoja kulingana na wanachoweza kusoma au kuhesabu, bila kujali umri wala darasa lao, kwa sehemu ya siku.

Kichocho, darasa la tano

Ulinganisho wa maneno matupu hausaidii, kwa hiyo tuchukue mada moja na kuipitisha katika njia zote. Tuseme ni mada ya kichocho, katika shule iliyo jirani na mwalo, mathalani pande za Igombe au Kayenze, ambako watoto huoga ziwani, huteka maji na kuosha vyombo ufukweni, na ambako kichocho cha tumbo ndicho kilichoenea zaidi.

Mwalimu akianza na vikundi, yaani akawaweka watoto sita sita na kuwauliza kichocho huambukizwaje, kelele za kazi zitasikika na mgeni anayepita dirishani atafurahi. Akisogea karibu atasikia jambo jingine. Mtoto mmoja anasema kinatokana na kunywa maji ambayo hayajachemshwa, mwingine anasema ni kwa kukojoa majini, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kufundishwa, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Kundi linaandika kwamba tuchemshe maji ya kunywa. Ni ushauri mzuri kwa kipindupindu na homa ya matumbo, lakini kichocho huingia kupitia ngozi, na mtoto anayetoka hapo akiamini kwamba birika la maji yaliyochemshwa linamkinga ataingia ziwani jioni hiyo hiyo bila wasiwasi wowote. Kundi lisilo na msingi hugawana ujinga kwa usawa, na mwalimu mwenye vikundi 15 hawezi kuvizungukia vyote kabla makosa hayajakomaa.

Mwalimu anayeanza kwa kueleza anachora mzunguko ubaoni: mtu mgonjwa, choo kisichotumika, mayai yanayofika majini na kuanguliwa, konokono anayeyapokea mabuu, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayeoga, kisha mtu tena. Kazi hii haizidi dakika 15, lakini thamani yake haimo kwenye mchoro. Imo kwenye kusimama katika kila hatua na kuuliza. Je, konokono wote wakiondoka, mzunguko unakatikia wapi? Je, kijiji kizima kikitumia vyoo lakini konokono wakabaki? Je, aliyekunywa dawa ya prazikwanteli shuleni akarudi kuoga ziwani kesho yake? Maswali hayo aulizwe mtoto mmoja mmoja kwa jina, kutoka kwenye daftari la mahudhurio, maana tukiwategemea wanaonyoosha mikono tutafundisha watoto wale wale kumi mwaka mzima. Halafu mchoro unafutwa, na kila mtoto anauchora upya kwenye daftari lake bila kutazama popote. Anayeshindwa anajulikana siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo vikundi vinapopata uhai. Sasa mwalimu anatoa swali ambalo hata yeye hana jibu lake lote: mama anayefulia hapa mwaloni hana bomba nyumbani, na kioski cha maji kinataka fedha kwa kila ndoo, tumshauri nini kinachowezekana? Watoto wanajua mambo ambayo mwalimu aliyehamia juzi hayajui. Wanajua ni kaya zipi hazina choo, wavuvi hukaa wapi wanapoanika dagaa, na kisima gani maji yake yana chumvi. Kila mmoja ana la kuleta, na msingi walioupata dakika chache zilizopita unawazuia wasipotee, kwa kuwa mtu akisema "achemshe ya kunywa," mwenzake atamkumbusha habari ya ngozi.

Njia ya kufanya inaongeza kile ambacho darasa la maneno haliwezi kukifikia. Darasa linaweza kuchora ramani ya mwalo, likaweka alama penye vyoo, penye majani wanakopenda kukaa konokono na penye watu wanaofua, likahesabu kwa saa moja ni wangapi walioingia majini na kwa sababu gani, kisha likampelekea mtendaji wa mtaa ramani hiyo. Hapa natoa angalizo ambalo sitalitoa kwa mzaha: mtoto asiingize mguu wala mkono majini katika ziara hiyo. Vijidudu vya kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi iliyokwisha kupambazuka vema hadi mchana, ambao ndio hasa muda wa vipindi, na ziwa lina hatari nyingine zinazofahamika na kila mzazi wa pwani hii. Watoto wabaki ukavuni, walimu wawe zaidi ya mmoja, na wazazi wawe wamearifiwa.

Njia ya nne haifundishi kichocho hata kidogo. Inamshughulikia mtoto wa darasa la tano ambaye hakuweza kusoma neno "konokono" lililoandikwa chini ya mchoro. Nitarudi kwake, maana ni wengi.

Pale kueleza kunapozidi njia nyingine

Hesabu ndilo somo linaloonyesha hili bila ubishi. Waandikie watoto 1/2 + 1/3 na wengi watakujibu 2/5, kwa kujumlisha juu na juu, chini na chini. Mwalimu anaweza kuwaacha kwenye vikundi wagundue wenyewe kosa lao, na baadhi watagundua, lakini kwa wengi kipindi kitaisha wakiwa wamelifanyia mazoezi kosa hilo. Njia fupi ni kuwauliza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Wakishaona kwamba wameanza na nusu, wakaongeza kitu, na wakapata jibu dogo kuliko nusu, wanashtuka, na mshtuko huo ndio mlango. Hapo mwalimu anaonyesha mfano mmoja uliokamilika, 3/6 na 2/6 kuwa 5/6, akitaja kwa sauti sababu ya kila hatua. Mfano wa pili anaacha hatua ya mwisho wamalizie. Wa tatu anaacha hatua mbili. Wa nne wanafanya peke yao. Kuondoa msaada kidogo kidogo namna hiyo kunahitaji maandalizi mazuri kuliko vikundi vingi nilivyowahi kuviona.

Ushahidi wa mbali unaelekea huko huko. Nchini Marekani, mradi mkubwa wa serikali ulioanza mwaka 1968 kwa ajili ya watoto wa familia maskini ulilinganisha mitindo mingi ya ufundishaji, na tathmini iliyotolewa mwaka 1977 ilionyesha kwamba katika stadi za msingi za kusoma na kuhesabu, watoto waliofundishwa moja kwa moja, kwa hatua zilizopangwa na maswali ya mara kwa mara, ndio waliofanya vizuri zaidi. Wataalamu walibishana kuhusu vipimo vilivyotumika, na ubishi huo ni halali. Lakini kwa mtoto anayeanza, sijaona hoja iliyouondoa ukweli wa msingi kwamba akili isiyo na kitu cha kushikia huchoka haraka inapotakiwa kugundua kila kitu.

Udhaifu wa kueleza tunaujua sote. Kunageuka upesi kuwa hotuba, kisha kunakuwa kunakili, na kunaishia kwenye lile swali la "Mmeelewa?" na lile jibu la darasa zima, "Ndiyo, mwalimu!", ambalo halimwambii mwalimu chochote. Mwalimu aliyeeleza dakika 40 mfululizo bila kupata jibu la maandishi au la mdomo kutoka kwa watoto wengi amezungumza tu, na anapaswa kujihesabu hivyo hata kama alizungumza vizuri sana.

Kujadili: idadi na lugha

Wanaotetea majadiliano wana ushahidi wa nguvu. Mapitio ya tafiti 225 yaliyochapishwa mwaka 2014 kuhusu masomo ya sayansi na hisabati katika vyuo yalionyesha kwamba pale wanafunzi walipohusishwa, waliofeli walikuwa takribani asilimia 22, na pale walipokaa kusikiliza mihadhara tu, walikuwa takribani asilimia 34. Mhadhiri wa Malimbe anayesoma haya ana sababu ya kubadilika leo. Lakini tazama waliohusika ni akina nani: ni wanafunzi wa vyuo, wenye miaka mingi ya msingi nyuma yao na wanaoweza kusoma kitabu wenyewe. Kuhamisha matokeo hayo moja kwa moja hadi darasa la tatu ni kuwatwika watoto mzigo ambao hawajafundishwa kuubeba.

Kuna pia hesabu rahisi ya muda ambayo andalio la somo mara nyingi linaificha. Watoto 90 wakikaa sita sita ni vikundi 15. Kila kikundi kikipewa dakika tatu za kuwasilisha, hizo ni dakika 45, na kipindi chote ni dakika 40. Ndiyo maana napendekeza, kwa madarasa makubwa, majadiliano ya dawati: watoto wawili au watatu walioketi pamoja wanageukiana kwa dakika mbili, wote kwa wakati mmoja, bila kusogeza samani wala kuvuruga darasa la jirani, kisha mwalimu anaita majina manne au matano. Katika dakika hizo mbili watoto wengi zaidi wanakuwa wamefungua kinywa kuliko katika mawasilisho ya vikundi ya saa nzima, ambapo katibu huandika, mwenyekiti huongea, na wanne waliobaki hutazama nje.

Jambo la pili ni lugha, na hili linaniuma. Mtoto aliyejadili kwa ufasaha katika darasa la saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, na ghafla anakuwa bubu. Mwalimu anayeamuru kikundi kijadili usanisinuru kwa Kiingereza mwezi wa pili wa kidato cha kwanza atapata ukimya, au atapata mnong'ono wa Kisukuma na Kiswahili unaokatika anapokaribia, na mwishowe mtoto mmoja aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza ndiye anayesoma majibu ya wote. Tukidhani ukimya huo ni uzito wa akili, tunawakosea watoto vibaya. Wapewe dakika za kuelewana kwa lugha waliyo nayo, kisha maneno muhimu na sentensi za kuanzia ziandikwe ubaoni, na kila jozi iunde sentensi zake mbili za Kiingereza kwa msaada huo. Majadiliano yasiyotengewa hatua hiyo ya lugha, katika vidato vya mwanzo, ni bora yasifanyike kwanza.

Kufanya, na historia ya kanda hii

Kanda ya Ziwa ina urithi wake katika njia ya tatu, na inasikitisha kwamba walimu wengi hawaufahamu. Kati ya 1968 na 1972, Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na serikali kwa ushirikiano na UNESCO katika mikoa ya ziwa, ambapo watu wazima walifundishwa kusoma kwa kutumia vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: kilimo cha pamba, uvuvi, ufugaji. Neno la kwanza la kulisoma lilikuwa la kitu kilichokuwa mikononi mwao. Mwaka mmoja kabla ya mradi huo, mwalimu wa Butiama, Julius Nyerere, alikuwa ametoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliolalamikia elimu inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake na uliotaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza. Mahali pengi likaishia kuwa mahali pa kulima tu. Mtoto alishika jembe, lakini hakuna aliyemuuliza kwa nini mstari huu umeota vizuri na ule umekauka, hakuna aliyepima, hakuna aliyeandika. Hilo ndilo kosa la kazi mradi hadi leo: mikono inafanya kazi huku akili ikiwa imepumzishwa, na wakati mwingine mradi wenyewe unafanywa na mzazi usiku.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikwepa kosa hilo kwa mpangilio wake. Watu wapatao milioni 2 nchini walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio na kusomewa kijitabu, wakajadili magonjwa kama malaria na kichocho kwa kuangalia mazingira yao, kisha wakaamua jambo la kutenda, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Maelezo yalitangulia, mjadala ukafuata, kazi ikaja mwisho, na kila hatua ilisimama juu ya iliyotangulia. Mwalimu anayepanga mada ya majuma mawili hatapata mfano mzuri zaidi ya huo karibu naye.

Kwa upande wa gharama, kufanya ndiko ghali kuliko zote, kwa muda na kwa utulivu wa shule, kwa hiyo mada mbili au tatu kwa muhula, zilizochaguliwa kwa makini, zinatosha.

Aliyeachwa nyuma

Sasa turudi kwa yule asiyesoma neno "konokono". Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizowapima watoto majumbani katika miaka ya 2010 na baadaye, zilionyesha mara kwa mara kwamba wapo watoto wa darasa la saba wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa mtoto huyo, mabishano yetu kuhusu kueleza na kujadili hayana maana yoyote, kwa kuwa zote mbili zinampita juu. Anahitaji kurudishwa pale alipoachwa.

Ushahidi wa karibu unatoka tena magharibi mwa Kenya. Mwaka 2005, katika shule 121, darasa la kwanza lililokuwa limejaa liligawanywa mikondo miwili kwa kuongeza mwalimu. Katika baadhi ya shule mgawanyo ulifuata alama za awali, na katika nyingine ulifanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizopanga kwa alama walikuwa wamefanya vizuri zaidi, waliokuwa juu na hata waliokuwa chini, na faida hiyo ilikuwa bado inaonekana mwaka mmoja baada ya mpango kwisha. Wengi walihofu kwamba wa chini wangeumia wakitengwa na wenzao. Kilichotokea ni kwamba mwalimu wao aliweza hatimaye kufundisha jambo walilolihitaji.

Hata hivyo sipendekezi kuzigawa shule zetu kuwa mikondo ya kudumu ya wenye akili na wasio nazo, na nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Mkondo wa kudumu huzaa jina, na watoto wakishaanza kuitana vilaza, mtoto hulibeba jina hilo hadi utu uzima. Ninachopendekeza ni saa moja kwa siku ya kusoma, kuanzia darasa la tatu hadi la tano. Kila mtoto anapimwa kwa dakika chache, ana kwa ana, kama anatambua herufi, anasoma silabi, maneno, aya au hadithi. Katika saa hiyo watoto wanahamia vyumba kulingana na walichoweza, halafu wanarudi madarasani kwao kwa masomo mengine. Wanapimwa tena kila baada ya majuma machache na kusogezwa. Na mwalimu mkuu awape kundi la chini mwalimu aliye bora kuliko wote katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kawaida yetu ya kumpeleka huko mwalimu aliyekosa pa kupangiwa inauua mpango kabla haujaanza.

Darasa la mtihani

Katika darasa la saba na kidato cha nne, walimu wengi hujiona hawana haki ya kuchagua, kwa hiyo huanza kurudia mada zote kwa kuzisoma upya, asubuhi hadi jioni, na tuisheni juu yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 na wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanafunzi waliosoma kifungu mara nyingi walionekana kukumbuka zaidi dakika chache baadaye, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliokuwa wamesoma mara chache na kujaribu kukiandika kifungu kutoka kichwani. Hili ni jepesi kulitekeleza popote: maswali matano mwanzoni mwa kila kipindi, mawili ya jana, mawili ya mwezi uliopita na moja la muhula uliopita, madaftari yakiwa yamefungwa, na wanafunzi wakijisahihishia wenyewe mara moja. Faida yake ya pembeni ni kwamba humwokoa mwalimu na mlima wa kusahihisha, kwani madaftari 90, hata kwa dakika moja kila moja, ni saa moja na nusu kila siku.

Mzazi anayechagua shule

Mzazi anayezunguka Nyamagana na Ilemela akitafuta shule atakutana na mabango mengi yanayotangaza mbinu za kisasa na lugha ya Kiingereza tangu awali. Asitosheke na bango wala na wastani wa matokeo ya mwaka uliopita, ambao unaweza kuwa umetokana na kuwachuja watoto mlangoni. Aombe kuona madaftari mawili ya watoto wa darasa moja na somo moja, na ayafungue kwenye ukurasa wa tarehe moja. Atazame kama yamo majibu yanayotofautiana, makosa yaliyowekewa alama, na chini yake marekebisho kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, kwa maana hapo kuna ufundishaji, uwe umefanyika kwa kueleza au kwa vikundi. Madaftari hayo mawili yakiwa na sentensi zile zile neno kwa neno kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, amuulize mwalimu, kwa heshima yake yote, ni lini mara ya mwisho watoto hawa waliandika jibu lao wenyewe.